Philipp Nicolai, Mchungaji Aliyeandika Furaha Wakati wa Tauni

Miongoni mwa wachungaji wa Kilutheri wa karne ya 16, Philipp Nicolai alikuwa mhubiri hodari na mwandishi wa vitabu vingi vizito vya elimu ya dini. Hata hivyo, jina lake halikudumu kwa sababu ya vitabu hivyo. Limedumu kwa ajili ya kitabu kimoja tu na nyimbo zilizochapwa pamoja nacho. Kitabu hicho alikiita Kioo cha Furaha ya Uzima wa Milele, nacho kiliandikwa mahali ambapo hakuna mtu angetazamia kuikuta furaha.

Nicolai alizaliwa tarehe 10 Agosti 1556 huko Mengeringhausen, katika nchi ya Waldeck, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji. Alisoma Erfurt na Wittenberg, na mwaka 1583 akaitwa kutumika Herdecke. Utumishi huo haukudumu. Mwaka 1586 majeshi ya Hispania yaliingia sehemu zile, Misa ya Kirumi ikarejeshwa, naye akalazimika kuondoka. Kwa muda aliwahudumia kwa siri Walutheri wa mji wa Cologne, ambao hawakuwa na ruhusa ya kuabudu hadharani. Kisha alirudi Waldeck, na mwaka 1588 akawa mhubiri wa nyumba ya watawala na mwalimu wa mtoto wao, Wilhelm Ernst.

Haifai kuficha kwamba alikuwa mtu wa mabishano. Juu ya Meza ya Bwana aliwaandikia wafuasi wa Kalvini kwa kalamu kali mno, na asomaye maandiko yale leo hupata shida kuamini kwamba mkono ule ule ndio ulioandika nyimbo zake. Chuo cha Marburg kilimnyima udaktari wa elimu ya dini. Akaupata Wittenberg mwaka 1594.

Mwaka 1596 alihamia Unna, mji wa Westfalia. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, tauni iliingia mjini. Ilikaa hadi Januari 1598, na katika miezi hiyo watu zaidi ya 1,300 walikufa. Katika mwezi wa Julai pekee walizikwa kama 300, na katika juma moja la Agosti 170. Nyumba ya mchungaji ilitazamana na makaburi ya kanisa. Kila alipoinua macho kutoka mezani pake aliona kaburi likichimbwa au likifukiwa, na wengi waliolazwa humo walikuwa wale aliokuwa akiwahubiria.

Katika siku zile Nicolai aliyaweka kando mabishano yake. Alisoma kitabu cha Mtakatifu Augustino juu ya Mji wa Mungu, akaomba, akazika wafu, na siku baada ya siku akaandika aliyoyatafakari juu ya uzima wa milele. Nia yake ilikuwa kwamba, akifa naye, maandiko yale yabaki kuwa ushuhuda kwamba aliondoka kwa amani. Na Mungu akimhifadhi, yawe faraja kwa wengine waliopatwa na msiba kama ule. Alihifadhiwa. Kitabu kilichapwa Frankfurt mwaka 1599.

Inawezekana kuuliza kama neno furaha lilistahili kutamkwa katika mji kama ule. Mchungaji mwingine angeandika kitabu cha maombolezo tu, wala asingelaumiwa. Nicolai hakuwakataza watu wake kulia. Lakini aliona kwamba waliofiwa hawatatosheka na maneno ya kuwataka wavumilie, maana mtu huvumilia kwa ajili ya kitu anachokingojea, na kitu hicho alitaka wakione. Ndiyo maana nyimbo zake mbili kuu zote ni nyimbo za arusi. Wa kwanza unamtaja Kristo kuwa Nyota ya Asubuhi na Bwana Arusi, na Kanisa kuwa bibi arusi amshangiliaye kwa vinanda. Wa pili unatokana na wanawali kumi wa Mathayo 25: mlinzi anapiga kelele juu ya ukuta usiku wa manane, mji unaamka, taa zinawashwa, milango ya karamu inafunguliwa. Mtu aliyekesha na wagonjwa wa Unna aliujua usiku wa manane kwa namna nyingine kabisa, na bado akauandika hivyo.

Huzuni yake mwenyewe imefichwa ndani ya nyimbo hizo. Wilhelm Ernst, mwanafunzi wake wa zamani, alikufa Tübingen mwaka 1598 angali kijana. Herufi za kwanza za beti saba za wimbo wa Nyota ya Asubuhi ni W, E, G, U, H, Z, W, ambazo kwa Kijerumani ni vifupisho vya jina na cheo cha kijana huyo. Wimbo wa sherehe ukawa pia ukumbusho wa marehemu, na waimbaji wengi huuimba bila kufahamu.

Watu waliupokea upesi. Uliimbwa kwenye arusi, tuni yake ikapigwa kwa kengele za minara ya miji, hata maneno yake yakaandikwa juu ya vyombo vya udongo vya nyumbani. Johann Sebastian Bach alizitungia nyimbo zote mbili kantata, mwaka 1725 na mwaka 1731. Wamisionari wa Kijerumani waliofika Usambara mwaka 1891 na Kilimanjaro mwaka 1893 walitoka katika makanisa yaliyokuwa yakiziimba kwa karibu miaka 300.

Nicolai alioa mwaka 1600, na mwaka 1601 akaitwa kuwa mchungaji wa kanisa la Mtakatifu Katarina huko Hamburg, ambako mahubiri yake yalipendwa sana. Tarehe 22 Oktoba 1608 alishiriki katika ibada ya kumbariki mtumishi mwenzake, akarudi nyumbani akijisikia vibaya. Homa kali ikamshika, naye akafariki siku nne baadaye, akiwa na umri wa miaka 52.