Dakta Becker wa Oicha na Vijana Aliowaachia Kazi



Wazee wa makanisa yetu ya mashariki wanalijua vizuri jina la Munganga wa Oicha, lakini vijana wengi wanaosomea uuguzi leo hawalijui. Tunaeleza maisha yake hapa kwa sababu alilitambua jambo ambalo vituo vyetu vya afya vinalihitaji sana: mganga anayefanya kazi peke yake, hata akiwa hodari namna gani, siku atakapoondoka kazi inaondoka naye.

Carl Becker alizaliwa mwaka 1894 huko Manheim, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alisomea udaktari, akafanya kazi katika mji mdogo wa Boyertown, akapata wagonjwa wengi na mapato mazuri. Mwaka 1929 aliacha hayo yote, akaja Kongo pamoja na mke wake Marie na watoto wao wawili. Alitumwa na Africa Inland Mission, misheni ambayo kanisa la CECA 20 lilitokana nayo. Mwaka 1934 familia hiyo ilikwenda kukaa Oicha, ukingoni mwa msitu wa Ituri.

Pale msituni wagonjwa walikuja kutoka kila upande: mama wenye uzazi mgumu, watoto wenye homa, Wambuti waliotoka kambi za mbali, na watu wenye ukoma waliofukuzwa na jamaa zao. Kwa miaka mingi Becker aliwahudumia maelfu ya wenye ukoma, na dawa mpya za sulfoni zilipopatikana alizitumia kuwatibu. Lakini daktari ana mikono miwili tu. Kwa hiyo aliwafundisha vijana wa Kongo kazi yenyewe, kandokando ya kitanda cha mgonjwa: kumpima, kumpa dawa, kufunga vidonda na kusaidia katika upasuaji. Yule aliyeanza kwa kushika taa au kubeba maji aliweza, baada ya muda, kukabidhiwa wagonjwa wake.

Mwaka 1964 vita vya Simba vilifika. Becker alikuwa na miaka 70, umri ambao wengi wangehesabu kwamba kazi yao imekwisha. Alilazimika kuondoka Oicha. Hali ilipoanza kutulia alirudi, na pamoja na misheni kadhaa akasaidia kuanzisha Kituo cha Afya cha Kiinjili huko Nyankunde, karibu na Bunia. Kusudi halikuwa hospitali kubwa tu. Kilitakiwa kuwa mahali pa kufundishia wauguzi watakaotumwa vijijini. Mwaka 1966 alikuja Dakta Helen Roseveare, mmisionari wa Nebobongo aliyeteswa na kufungwa na waasi mwaka 1964, naye akafundisha wauguzi Nyankunde mpaka mwaka 1973. Becker mwenyewe alirudi Marekani mwaka 1976, akafariki mwaka 1990.

Je, kazi yake ilikufa? Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa. Watu wengi waliuawa, hata wagonjwa vitandani, na hospitali ikaharibiwa. Waliosalimika, wauguzi na wanafunzi wakiwa miongoni mwao, walitembea siku nyingi kwa miguu mpaka Oicha, pale pale Becker alipoanzia. Huko walipokelewa, na kazi ya kutibu na kufundisha ikaendelea. Baadaye Nyankunde nayo ilijengwa tena. Majengo yaliteketea, lakini maarifa yalikuwa yamekwisha kuwekwa ndani ya watu.

Sasa tuangalie kwetu, katika barabara ya Mambasa, Epulu na Nia-Nia. Kijana anamaliza masomo, anapewa diploma, anatumwa kwenye kituo cha afya. Usiku mama analeta mtoto mwenye homa kali, anatetemeka na macho yamegeuka. Kijana amesoma habari ya malaria kali, lakini hajawahi kuikabili bila mwalimu. Kutoka Epulu hadi Mambasa ni kilometa zipatazo 70, na mvua inanyesha. Mtoto akifa, kijiji kinamlaumu kijana. Baada ya miezi michache anaacha kazi, naye aliyesomeshwa kwa jasho la wazazi anakwenda kuuza sabuni sokoni.

Mara nyingine tatizo ni ukosefu wa dawa. Lakini mara nyingi kilichokosekana ni muuguzi mkubwa wa kumwonyesha: hesabu pumzi za mtoto kabla ya kumgusa, tazama weupe wa kope na viganja, finya ngozi ya tumbo uone kama maji yamepungua mwilini, zungumza na mama kwa upole, kwa maana yeye ndiye aliyemwona mtoto mchana kutwa. Mambo hayo yameandikwa vitabuni, lakini mkono unayajifunza kwa kuutazama mkono mwingine. Na mkubwa anayemfokea mdogo mbele ya wagonjwa anamfundisha kuficha asichokijua, na mtoto ndiye atakayelipa.

Musa alimwandaa Yoshua. Paulo alimwagiza Timotheo awakabidhi watu waaminifu yale aliyoyapokea, ili nao wawafundishe wengine. Kwa hiyo tunawasihi mama na baba zetu waliokaa miaka mingi katika uuguzi, hata ninyi mliostaafu: mchukueni kijana mmoja. Kaeni naye zamu za usiku za mwezi wa kwanza. Na sisi wachungaji na wazee wa kanisa, muuguzi mpya akifika kijijini, tusingoje mpaka jambo baya litokee ndipo tumjue jina lake. Tumpokee, tumwombee, tumtafutie mkubwa wa kumwuliza.

Bwana awabariki wote wanaokesha kando ya watoto wetu.