Sokoine na foleni za mwaka 1983

Hayati Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli, Arusha, Agosti 1, 1938. Alifariki dunia Aprili 12, 1984, kwa ajali ya gari eneo la Dakawa mkoani Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 45, akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili.

Alijiunga na TANU mwaka 1961, akawa mbunge mwaka 1965 na Waziri wa Ulinzi mwaka 1972. Uwaziri Mkuu wake wa kwanza, 1977 hadi 1980, ulipitia Vita vya Kagera. Aliporejea madarakani Februari 1983, alikuta taifa limesimama katika foleni.

Foleni hizo zilikuwa na hesabu yake. Sukari, sabuni na khanga ziliuzwa madukani kwa bei ya serikali, iliyokuwa chini mno ya ile ya mlanguzi. Hata Morogoro, mkoa wenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, haukusalimika. Mkulima aliyeshuka na mboga kutoka Mgeta, juu katika milima ya Uluguru, alilazimika kukisia: akiwahi mno, analala nje na siku ya shamba inapotea, akichelewa, anakuta mzigo umekwisha. Kila aliyewahi alimlazimisha mwenzake kuwahi zaidi, hata foleni ya asubuhi ikawa ya alfajiri na ya alfajiri ikawa ya usiku, mawe yakipangwa kushika nafasi za wenyewe. Kilo za sukari hazikuongezeka hata moja. Mwaka huohuo, wataalamu Amihai Glazer na Refael Hassin walichapisha utafiti juu ya swali la namna hiyo: mteja afike saa ngapi, ikiwa kila mwenzake naye anapiga hesabu ileile.

Sokoine alianza na mlanguzi. Katika msako wa wahujumu uchumi, zaidi ya watu 1,000 walikamatwa na bidhaa zilizofichwa zikatolewa, nyingine zikitupwa usiku na waliohofia kukutwa nazo. Wananchi walimpenda kwa hilo, na wengi wangali wanampenda. Hata hivyo, msako ulifichua shehena ya jana, haukuzalisha ya kesho. Viwanda vilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri. Rafu zilijaa kwa muda, kisha zikawa tupu.

Hatua iliyodumu zaidi ni ile isiyokuwa na kishindo: mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam. Msafiri akapata hiari ya kusubiri basi la UDA au kupanda daladala.

Bajeti ya Juni 1984, miezi miwili baada ya kifo chake, iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na foleni za madukani zikaanza kufupika. Julai 1 mwaka huo, Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa Morogoro chini ya Uluguru, kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.