Svante Arrhenius na Fumbo la Maji ya Chumvi

Mwalimu wa shule ya msingi anapofundisha somo la mmumunyo huwaonyesha wanafunzi chumvi na sukari zikiyeyuka majini, kisha huandika ubaoni kwamba zote zimeyeyuka. Maneno hayo ni kweli, lakini yanaficha tofauti kubwa iliyopo baina ya vitu hivyo viwili. Tumeona vema kuieleza tofauti hiyo kwa kusimulia maisha ya mtu aliyeifumbua.

Svante Arrhenius alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 huko Vik, karibu na mji wa Uppsala nchini Uswidi. Baba yake alikuwa mpima ardhi. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Uppsala, na mwaka 1881 akahamia Stockholm kufanya utafiti chini ya mwanafizikia Erik Edlund. Kazi yake ilikuwa kupima jinsi mimumunyo inavyopitisha umeme.

Chumvi kavu haipitishi umeme, na maji safi hupitisha kidogo mno. Lakini vikichanganywa, umeme hupita. Maji ya sukari hayafanyi hivyo. Wataalamu wengi wa siku zile walidhani kwamba umeme wenyewe ndio unaoivunja chumvi. Arrhenius alifikia wazo jingine: chumvi hugawanyika mara inapoyeyuka, hata pasipo umeme, ikawa chembe zenye chaji, yaani ioni. Sukari huyeyuka ikiwa na molekuli nzima.

Mwaka 1884 alipeleka tasnifu yake Uppsala. Maprofesa wake, akiwamo mkemia Per Teodor Cleve, hawakuridhika, nayo ikapewa daraja la nne. Daraja hilo lilitosha kumfungia njia ya kufundisha chuoni. Tusiwadharau wazee wale, maana pingamizi la wakemia lilikuwa na uzito. Sodiamu hulipuka ikigusa maji, na klorini ni gesi ya sumu. Yawezekanaje basi vitu hivyo viwe vimetengana katika maji tunayopikia? Jibu ni kwamba ioni ya sodiamu imepoteza elektroni moja, hivyo tabia yake si ile ya metali ya sodiamu. Lakini elektroni iligunduliwa mwaka 1897 tu. Mwanafunzi wa darasa la saba akiuliza swali hilo, asikemewe.

Arrhenius alituma nakala za tasnifu yake nje ya nchi. Wilhelm Ostwald, aliyekuwa akifundisha Riga, alisafiri hadi Uppsala mwaka huohuo kumwona na kumpa nafasi ya kazi. Baba yake alikuwa mgonjwa, kwa hiyo hakwenda. Hata hivyo chuo chake kilimpa nafasi ya kufundisha. Baadaye alifanya kazi na Ostwald, na pia na van 't Hoff huko Amsterdam. Ushahidi wenye nguvu ulitoka katika barafu. Gramu 342 za sukari katika kilo 1 ya maji hushusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 1.86 hivi za Selsiasi. Gramu 58.5 za chumvi, zenye idadi ileile ya vipande vya msingi, hukishusha karibu maradufu. Kila kipande cha chumvi kimekuwa viwili! Mwaka 1887 alitangaza nadharia yake kwa ukamilifu.

Darasani twaweza kuonyesha jambo hili kwa betri tatu za tochi zilizounganishwa mfululizo, nyaya mbili, na vijiti vya kaboni kutoka katika penseli. Tumbukiza ncha hizo katika maji ya sukari, kisha katika maji yenye chumvi nyingi. Katika chumvi mapovu yataonekana kwenye ncha; katika sukari hayataonekana. Madirisha yawe wazi, jaribio liwe fupi, wala umeme wa ukutani usitumiwe kamwe.

Mwaka 1903 Arrhenius alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, akiwa Mswidi wa kwanza kuipata. Cleve, yuleyule wa Uppsala, alikuwa mmoja wa wajumbe wa kamati ya tuzo hiyo. Kuanzia mwaka 1905 Arrhenius aliongoza Taasisi ya Nobel ya kemia ya kifizikia mjini Stockholm, na huko ndiko alikofariki tarehe 2 Oktoba 1927.