Eugen Sandow, mnyanyua vyuma aliyewafundisha watu kujipima

Mazoezi ya kunyanyua vyuma yana shida moja ya tangu zamani: mwili hubadilika polepole mno hata mwenyewe asione. Mtu hujitahidi wiki tatu, hujitazama, haoni tofauti, basi huacha. Leo tunamwangazia Eugen Sandow, aliyeishughulikia shida hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita na kuifanya biashara.

Alizaliwa mwaka 1867 huko Königsberg, Prussia, mji ambao sasa uko Urusi na huitwa Kaliningrad. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friedrich Wilhelm Müller. Umaarufu aliupata London mwaka 1889, alipomshinda jukwaani Charles Sampson, mtu aliyejitangaza kuwa mwenye nguvu kuliko wote duniani.

Zama hizo maonyesho ya nguvu yalijaa ujanja. Vyuma vingine vilikuwa vitupu ndani, na uzito uliotangazwa haukuwa uzito uliobebwa. Sandow naye hakuwa malaika, na vipimo vya kifua chake vilivyotangazwa kwenye matangazo tunavipokea kwa tahadhari. Lakini mwaka 1893, akiwa Marekani, alikubali kupimwa na Daktari Dudley Sargent wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyekuwa amewapima wanafunzi wengi kabla yake.

Mwaka 1897 Sandow alifungua kituo cha mazoezi London. Wanafunzi wake walipimwa shingo, kifua, mikono, mapaja na ndama za miguu, kisha wakapimwa tena baadaye. Walioishi mbali walijaza vipimo vyao kwenye fomu na kuituma kwa posta. Alianza na vyuma vyepesi: kwanza mwanafunzi aliongeza idadi ya kunyanyua, kisha ndipo akaongeza uzito.

Hapo ndipo tunapoona thamani ya kazi yake. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka kabla misuli haijanenepa, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli vizuri zaidi. Anayetegemea tepu ya fundi cherehani peke yake atadhani amepoteza muda. Anayeandika kwamba jana alinyanyua mara nane na leo mara kumi, kwa chuma kilekile, anajua anasonga mbele. Tepu nayo hudanganya kwa urahisi: ukivuta pumzi, kifua kinaongezeka papo hapo.

Baadaye aliuza chuma cha mkononi kilichogawanyika vipande viwili vyenye springi katikati. Mwenye kukitumia alivibana vipande hivyo kwa kiganja, na alipopata nguvu aliongeza springi. Kwa hiyo kuhesabu springi kulikuwa kupima maendeleo.

Septemba 1901 alifanya shindano kubwa la miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Mwandishi Arthur Conan Doyle alikuwa mmoja wa waamuzi. Ushindi haukwenda kwa mwenye misuli minene kuliko wote, kwani waamuzi walitazama ulinganifu wa mwili na afya. Mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham.

Sandow alifariki Oktoba 1925 akiwa na umri wa miaka 58, akazikwa London katika kaburi lisilo na jina. Tangu 1977, mshindi wa shindano la Mr. Olympia hukabidhiwa sanamu yake.