Von Thünen: Mkulima aliyepima faida ya barabara kwa daftari

WAKULIMA wawili wanaweza kuvuna mahindi yenye ubora uleule, lakini aliye mbali na soko akalipwa kidogo. Mtu aliyelipima jambo hilo kwa hesabu za shamba lake mwenyewe ni Johann Heinrich von Thünen wa Ujerumani.

Alizaliwa Juni 24, 1783, kaskazini mwa nchi hiyo, akasomea kilimo. Mwaka 1810 alianza kuendesha shamba lake la Tellow, katika eneo la Mecklenburg. Nafaka yake ilipelekwa kuuzwa Rostock, zaidi ya kilometa 30, kwa magari ya kukokotwa na farasi.

Kwa miaka mingi aliandika gharama zote: mbegu, vibarua, farasi na safari. Hesabu zilimwonyesha kuwa bei ya shambani ni bei ya mjini ukiondoa gharama za usafirishaji. Farasi nao walipaswa kula njiani, hivyo safari ikiwa ndefu mno wangeweza kumaliza thamani yote ya mzigo.

Mwaka 1826 alichapisha kitabu kuhusu nchi ya kufikirika yenye mji mmoja katikati. Karibu na mji alipanga mboga na maziwa, vitu vinavyoharibika haraka. Zilifuata kuni, ambazo ni nzito, kisha nafaka. Mbali kabisa aliweka mifugo, kwa kuwa hutembea yenyewe hadi sokoni. Akaongeza mto wa kupitisha vyombo, akichukua gharama yake kuwa sehemu moja ya kumi ya ile ya nchi kavu. Kandokando ya mto huo, mazao yenye faida yalifika mbali zaidi.

Kwa kipimo hicho, faida ya barabara ni fedha inayobaki kwa mkulima kwa kila gunia, pamoja na mazao mapya yanayoanza kulipa. Lakini von Thünen alionyesha pia kuwa nafuu hiyo huishia kwenye thamani ya ardhi. Mwenye shamba hunufaika. Aliyekodi anaweza kupandishiwa kodi.

Mwishoni mwa miaka ya 1840 alianza kugawana faida ya Tellow na wafanyakazi wake. Alifariki dunia hapo Septemba 22, 1850.

Mkulima wa leo anaweza kupima vivyo hivyo: aandike bei ya shambani, bei ya sokoni na nauli ya gunia, kabla na baada ya barabara kutengenezwa. Nauli ikishuka na bei ya shambani isipande, faida imebaki kwa mwingine.