Daftari la Rockefeller

Mimi ni mmoja wa wale huhesabu sadaka ibada ikiisha, na kwa miaka mingi nimejiuliza matajiri hutoa kwa nini. Kuna yule hutoa tu jina lake likitajwa kwa maikrofoni. Ndiposa nikaanza kufuatilia maisha ya John D. Rockefeller, yule Mmarekani wa mafuta.

Alizaliwa 1839. Babake alikuwa mwuza dawa za ujanja ujanja, anapotea nyumbani miezi na miezi. Ni mama, Eliza, aliyewapeleka watoto kanisani na kuwazoesha kutoa. Mwaka wa 1855, akiwa na miaka 16, kijana akapata kazi ya ukarani mjini Cleveland. Miezi mitatu ya kwanza alilipwa dola 50 kwa jumla. Akanunua kadaftari, akakaita Daftari A, akaandika kila senti: chumba, nguo, shule ya Jumapili, wamishonari, maskini. Mwaka wa kwanza alitoa kama asilimia 6 hivi. Kumbe hata fungu la kumi halikutimia! Alilipita 1859, na mwaka huo daftari linaonyesha pesa alizompa mtu mweusi wa Cincinnati ili amnunue mkewe kutoka utumwani.

Kanisa lao la Kibatisti nusura liuzwe kwa deni la dola 2,000. Yeye akasimama mlangoni Jumapili, kila anayetoka anamshika, anaandika ahadi yake. Deni likaisha.

Akamwoa Laura Spelman, ambaye wazazi wake walikuwa wamewaficha watumwa waliotoroka. Chuo cha wasichana weusi kule Atlanta kilipopata msaada wao, kikaitwa Spelman kwa heshima ya jamaa ya Laura. Watoto wao, na utajiri wote ule, walifanya vikazi vya nyumbani kwa senti chache, na kila mmoja alikuwa na daftari lake.

Lakini tusidanganyane. Kampuni yake ilipata punguzo la siri kutoka kwa reli, na wafanyabiashara wengi wadogo walimezwa. Mwaka wa 1905 alipotoa dola 100,000 kwa kazi ya umisheni, wachungaji kadhaa walipiga kelele kwamba hizo ni pesa chafu, zirudishwe. Halafu ikajulikana kwamba shirika lenyewe ndilo lilikuwa limemwomba! Mimi naona wachungaji hao walikuwa na haki ya kuuliza. Sadaka haimfuti jirani uliyemwangusha. Ila pia siwezi kusema alitoa kununua sifa, maana alianza kutoa wakati hakuna aliyemjua. Alipokufa 1937, akiwa na miaka 97, alikuwa ametoa zaidi ya dola milioni 500.

Hapo ndipo alinishika. Nilipofungua duka langu nilijiambia, biashara ikisimama nitatoa vizuri. Duka likasimama, nikasema kwanza nimalize ploti. Na huku nikihesabu bahasha za mama mboga, za shilingi hamsini hamsini, wiki baada ya wiki bila kukosa.

Mwaka wa 1897, tajiri wa kutajika, Rockefeller alibeba lile Daftari A hadi kwa darasa la Biblia la vijana wa kanisa lake New York, akawasomea. Mimi nami nimenunua langu mwezi uliopita. Lina ukurasa mmoja, na wiki mbili nimeandika sufuri.