WASIFU WA SCOTT JOPLIN, MTUNZI WA MUZIKI WA MAREKANI

Mtahiniwa, kumbuka kwamba wasifu ni habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mtu mwingine. Usiuchanganye na tawasifu, ambayo mhusika huiandika mwenyewe. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kuorodhesha miaka tu. Wasifu mzuri huonesha mhusika alikabiliwa na nini, alichukua hatua gani na matokeo yake yalikuwa yapi. Soma mfano ufuatao ukiwa na kalamu mkononi.

Kuzaliwa na malezi

Scott Joplin alizaliwa kati ya mwaka 1867 na 1868, kaskazini mashariki mwa jimbo la Texas. Utumwa ulikuwa umekomeshwa nchini Marekani mwaka 1865, hivyo alizaliwa katika kizazi cha kwanza cha watoto weusi waliokuwa huru. Baba yake, Giles, aliwahi kuwa mtumwa na baadaye akawa kibarua wa reli. Mama yake, Florence, alizaliwa akiwa mtu huru. Baba alipiga fidla, mama aliimba na kupiga banjo.

Familia ilihamia mji wa Texarkana. Wazazi walipotengana, mama aliwalea watoto kwa kufanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu. Humo mlikuwa na piano, na Scott aliruhusiwa kujifunza wakati mama yake akifanya usafi. Mwalimu mmoja Mjerumani, Julius Weiss, aliona kipaji chake akamfundisha bila malipo. Hapa pigia mstari: kipaji alikuwa nacho tayari, lakini elimu ya noti ndiyo iliyomwezesha kukiweka kwenye karatasi.

Hali ya jamii wakati huo

Uhuru haukuleta usawa. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watu weusi na Wazungu ni halali, mradi huduma zao ziwe sawa. Kwa vitendo hazikuwa sawa, iwe katika mabehewa ya treni au shuleni. Wanamuziki weusi walipata kazi zaidi katika vilabu vya pombe na nyumba za kamari. Humo ndimo ulimokulia muziki wa ragitaimu. Katika muziki huu mkono wa kushoto hushika mapigo yanayolingana kama ya gwaride, huku mkono wa kulia ukipiga sauti zinazoangukia katikati ya mapigo hayo. Waliojiona wastaarabu waliudharau, lakini vijana wao waliucheza.

Mwaka 1894 Joplin alihamia Sedalia, katika jimbo la Missouri. Alipiga piano vilabuni, akafundisha wengine, na bado akajiunga na chuo cha watu weusi cha George R. Smith ili kuongeza ujuzi.

Mkataba wa mwaka 1899

Wakati huo santuri zilikuwa hazijaenea. Muziki uliuzwa kama karatasi za noti, na familia zenye piano zilizinunua ili kujipigia nyumbani. Mara nyingi mtunzi, hasa mtu mweusi, alilipwa dola chache mara moja tu, na faida yote ikabaki kwa mchapishaji.

Joplin hakukubali hivyo kwa utunzi wake uitwao Maple Leaf Rag. Alipata msaada wa wakili, kisha akasaini mkataba na mchapishaji John Stark. Alipewa nakala 10 za bure na mrabaha wa senti 1 kwa kila nakala itakayouzwa, na bei ya nakala isipungue senti 25. Piga hesabu: ili apate dola 100, zilihitajika kuuzwa nakala 10,000. Fungu lake lilikuwa dogo, lakini lilikuwa limeandikwa. Utunzi huo ulienea nchi nzima, na senti hizo zikampa kipato cha uhakika hadi mwisho wa maisha yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Miaka ya mwisho

Joplin alitaka muziki wa watu wake uheshimiwe katika kumbi kubwa. Mwaka 1907 alihamia New York, na mwaka 1911 akachapisha kwa gharama zake opera ya Treemonisha. Inamhusu binti mweusi aliyesoma, ambaye anawaongoza watu wake kuondokana na ushirikina. Hakupata mfadhili. Mwaka 1915 aliionesha Harlem bila mapambo ya jukwaa wala okestra, yeye mwenyewe akiwa kwenye piano. Watazamaji hawakuvutiwa.

Alifariki tarehe 1 Aprili 1917 kwa ugonjwa wa kaswende, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Mwaka 1973 filamu ya The Sting iliurudisha muziki wake masikioni mwa watu. Kaburi lake liliwekewa alama mwaka 1974, na mwaka 1976 alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer, miaka 59 baada ya kifo chake.

Zingatia

Ukiulizwa kama Joplin alifanikiwa, usijibu ndiyo au hapana pekee. Sheria za ubaguzi na ukosefu wa mfadhili hakuweza kuviondoa peke yake. Kujifunza noti, kurudi darasani na kudai mkataba wa maandishi yalikuwa ndani ya uwezo wake, naye aliyafanya. Tenganisha mambo hayo mawili, na hoja zako zitasimama.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya wasifu na tawasifu.
2. Kwa nini mkataba wa mwaka 1899 ulikuwa muhimu ingawa mrabaha ulikuwa senti 1 tu?
3. Eleza vikwazo viwili alivyokutana navyo Joplin na hatua alizochukua.